Sola kijijini: ukipima athari, usiishie kwenye paneli

Katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja wilayani Nachingwea ametuandikia hivi: "Shikamooni wataalamu. Kampuni imekuja kwetu, inataka ekari 30 kwa ajili ya sola ya megawati 5, pamoja na laini ya kilovolti 33 yenye urefu wa kilomita 14 kwenda kuungana na gridi. Mtaalamu wao alikaa siku mbili mwezi wa tisa. Ripoti inasema eneo ni kichaka kilichokwisha haribika, hakuna mimea wala wanyama wa umuhimu. Sisi tunajua tembo hupita, na kina mama huchimba ming'oko humo. Je, tunaweza kupima wenyewe? Na tudai nini kabla ya mkutano mkuu wa kijiji?"

Marahaba, katibu. Mtu aliyekaa siku mbili mwezi wa tisa ana haki ya kuandika "hatukuona". Kuandika "hakuna" ni jambo jingine, na siku mbili hazimpi haki hiyo.

Kusini mvua ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Ikifika Septemba nyasi zimeungua, miti mingi imepukutika na ardhi imekauka kau. Ming'oko uliyoitaja inatosha kuwa mfano: kiazi kiko chini, lakini ile kamba yake inayotambaa kichakani imeshakauka na kukatika. Mama anayechimba anajua pa kutia jembe, mgeni anaona vijiti tu. Uyoga hauoti hadi mvua inyeshe. Vyura wamejifukia. Ndege wahamiaji watokao Ulaya na Asia ndiyo kwanza wanaanza kuingia. Hata hivyo Septemba ina faida yake, maana maji yamebaki sehemu chache na ukikaa karibu nayo utaona nani anakuja kunywa na kwa njia ipi. Ndiyo maana kazi ya porini hufanywa mara mbili, kati ya Januari na Machi, na tena Agosti au Septemba. Ripoti ya msimu mmoja irudi ikakamilishwe, haidhuru imejaladiwa vizuri kiasi gani.

Kuhusu hayo maneno "kichaka kilichokwisha haribika", miombo haifi kwa kukatwa. Mtondoro, mninga na miyombo yenyewe huchipua kutoka kwenye visiki, na mpingo huchipua hata kutoka kwenye mizizi. Eneo lililokatwa mkaa miaka kumi iliyopita linaweza kuonekana hovyo ukilitazama kutoka dirishani mwa gari, kumbe chini kuna mizizi hai ya msitu mzima. Kinachoumaliza ni katapila inayong'oa visiki na kusawazisha ardhi. Hilo ni la kuuliza mapema kabisa: mtafyeka au mtang'oa? Fremu za paneli husimama kwenye nguzo zinazopigiliwa ardhini, kwa hiyo sehemu kubwa ya eneo haihitaji kusawazishwa. Wakikata miti kwa msumeno usawa wa ardhi, wakaacha mizizi na nyasi, na ukingo wa chini wa paneli ukawa meta moja hivi kutoka chini, udongo hautaondoka na mvua za Januari. Wakikwangua, mtapata makorongo ndani ya msimu mmoja au miwili.

Sasa tuingie kwenye kilichosahaulika. Megawati 1 ya sola huchukua takriban hekta 2. Megawati 5 ni hekta 10, ukiongeza barabara na vyumba vya mitambo unafika hekta 12, ambazo ndizo ekari 30 walizoomba. Hesabu yao haina kasoro. Ila chukua laini: kilomita 14 ni meta 14,000, na mkuza, yaani ule ukanda wa chini ya laini, ukifyekwa upana wa meta 10 unapata meta za mraba 140,000, yaani hekta 14. Laini itafyeka msitu mwingi kuliko paneli zenyewe, na itafyekwa tena na tena kwa miaka yote ya mradi. Fungua ripoti uhesabu laini imepewa aya ngapi.

Na ndege hufa kwenye laini. Njia kubwa za umeme, za kilovolti 132 au 220, zina nafasi pana kati ya nyaya, hivyo ndege hufa zaidi kwa kuzigonga wakiruka. Laini ya kilovolti 33 huua kwa kuunguza. Nyaya ziko karibu, vikombe vinavyoshika nyaya vimesimama juu ya mti wa kukingama, ule uliolala juu ya nguzo, na ndege mkubwa anayetua pale katikati akikunjua mabawa anagusa nyaya mbili kwa pamoja. Au anagusa waya mmoja na chuma kilichoungwa ardhini, inatosha. Kipimo kinachotumika sana kimataifa ni sentimeta 150 kati ya waya na waya kwa ulalo, kikiwa kimekokotolewa kwa tai wa Marekani. Tumbusi mgongo-mweupe akikunjua mabawa anapita meta 2, kwa hiyo kwetu sentimeta 150 ni kidogo, labda nyaya zivishwe mipira karibu na nguzo.

Tumbusi wa Afrika wamepungua vibaya. Mgongo-mweupe na yule mdogo mwenye kofia ya manyoya wamo kwenye daraja la juu kabisa la hatari ya kutoweka. Wengi huuawa kwa mizoga iliyotiwa sumu, lakini nguzo nazo huchangia. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo kuwapoteza ndege waliokomaa wachache kila mwaka hakulipiki. Ongeza mumbi, ambaye hulea kinda moja na kuhitaji mti mkubwa wenye pango ili atage. Mti wa namna hiyo ukiwa katikati ya mkuza, laini ipinde. Kupinda kunagharimu nguzo moja au mbili zaidi.

Mkae na ramani ya laini muulize mambo matatu. Inapita karibu na machinjio au dampo? Hapo ndipo tumbusi na korongo mfukoshingo hujazana. Inakatiza mto au bwawa wapi? Hapo zifungwe alama za kuzungusha au kumeremeta kwenye waya, kila baada ya meta 5 hadi 10, ili ndege wauone. Na nguzo za transfoma, za kona na za swichi zitakuwa ngapi? Hizo ndizo mbaya kupita zote, kwa sababu zina vipande vingi vya waya vilivyorundikana. Kwenye kilomita 14, kwa nafasi ya meta 80 hadi 100, mtakuwa na nguzo 140 hadi 175. Zote si za hatari sawa. Kuvisha mipira nguzo 20 zilizo mbaya ni kazi inayowezekana, na ni rahisi kuifanya wakati wa kujenga kuliko kurudi baadaye kuomba umeme uzimwe.

Kwenye paneli zenyewe hatuna wasiwasi mkubwa. Kule California ndege wamekutwa wamekufa kwenye mashamba ya sola, na ule mtambo wa Ivanpah unaotumia vioo kuelekeza jua kwenye minara uliwaunguza ndege hewani. Ule ni aina nyingine ya mtambo, msiuchanganye na paneli za kawaida. Kioo cha paneli huwadanganya wadudu wa majini wakadhani ni maji, wakataga juu yake. Ni hasara ndogo, isipokuwa paneli ziwe kandokando ya bwawa.

Uzio unataka maneno zaidi. Tembo hazuiliwi na hekta 12, atazunguka. Swali ni atazungukia wapi. Wilaya yenu iko kwenye njia za wanyama kati ya hifadhi za Selous na Niassa ya Msumbiji, na uzio uliowekwa juu ya njia ya zamani humsukuma tembo kwenye mihogo na mahindi ya jirani. Hapo kijiji ndicho kitakacholipa. Kwa wanyama wadogo tatizo ni umeme wa waya wa chini. Kakakuona akiguswa na umeme hajui kukimbia, hujikunja. Akijikunja akiwa ameukumbatia waya, anaendelea kupigwa hadi afe. Afrika Kusini hili limeonekana mara nyingi kwenye nyua za mashamba ya wanyama. Ushauri wetu: uzio wa paneli usiwe na umeme kabisa, uwe wavu wa kawaida ulioachwa sentimeta 20 hadi 25 juu ya ardhi. Kakakuona, kobe, sange na ndezi watapita. Walinzi watalalamika kwamba mbwa naye atapita, na ni kweli, ila mbwa haibi nyaya.

Tena, vipande vya nyaya vinavyobaki wakati wa kujenga vipimwe na kukusanywa vyote. Waya wa stei, ule unaovuta nguzo isianguke, ni mtego mzuri mno. Msipoweka sharti hili, baada ya miezi sita mtavikuta porini vikiwa na shingo za swala.

Mitaro ya kebo ni kosa dogo lenye mizoga mingi. Mtaro wa kina cha meta moja ukiachwa wazi usiku, asubuhi una kobe, nyoka, vyura na panya. Ufukiwe kabla ya jua kuzama, na usipofukika uwekewe mteremko wa kutokea kila meta 50 hivi, na mtu aupitie alfajiri kabla mafundi hawajaanza. Maji ya kuoshea paneli nayo yaulizwe: paneli za wati 550 kwa megawati 5 ni kama 9,000. Ukiosha kila moja kwa lita 2 tu, umetumia lita 18,000, ndoo 900 za lita 20, kwa mara moja, na vumbi huwa jingi kiangazi, wakati ule ule visima vinapokauka. Penye mikorosho jirani, unga wa salfa unaopulizwa mikorosho nao utatua juu ya vioo. Waulizwe maji yatatoka wapi, na kama wanaweza kupiga brashi kavu.

Je, mnaweza kupima wenyewe? Mnaweza, na kwa miti mtapata takwimu zinazostahili kuwekwa mezani. Tumieni viduara kama vya NAFORMA, ile tathmini ya misitu ya nchi nzima. Chukua kamba isiyovutika, ifunge mafundo kwenye meta 1, 5, 10 na 15. Simika kijiti, zunguka. Ndani ya meta 1 andika kila shina lenye unene wa sentimeta 1 na kuendelea. Ndani ya meta 5, kuanzia sentimeta 5. Ndani ya meta 10, kuanzia 10. Ndani ya meta 15, kuanzia 20. Unene ni kipenyo, hupimwa kwenye kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini. Hamna tepu ya kipenyo? Ya fundi cherehani inafaa: mzingo wa sentimeta 63 ni kipenyo cha 20, mzingo wa 31 ni 10, mzingo wa 16 ni 5. Shina likigawanyika chini ya meta 1.3 ni mashina mawili. Mti ukiwa mpakani, angalia katikati ya shina iko ndani au nje.

Vituo vichorwe kwenye ramani kabla hamjaingia porini, kimoja kila meta 100 kwa uwanja wa paneli, ambavyo ni kama 12 kwa hekta 12, na kimoja kila meta 500 kwenye laini, kama 28. Watu wanne wanamaliza uwanja kwa siku mbili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: pointi ikiangukia kwenye upupu, watu huisogeza kidogo, na "kidogo" hiyo daima huelekea njiani, penye miti michache. Vaeni mikono mirefu, muingie humohumo.

Hesabu ni hivi. Duara la meta 15 lina meta za mraba 707. Vituo 12 ni meta za mraba 8,484, yaani hekta 0.85. Tuseme mmekuta mipingo 9 yenye kipenyo cha 20 au zaidi. 9 gawa kwa 0.85 ni karibu 10.6 kwa hekta, mara hekta 12 ni mipingo 127. Mpingo hutajwa kuhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo 127 si "hakuna mimea ya umuhimu". Lakini miti adimu haihesabiwi kwa njia hii, kwa sababu viduara vinaweza kuikosa yote. Mkongo, mibuyu, miti yenye mapango na yenye viota vya ndege wakubwa ihesabiwe mmoja mmoja: watu wajipange mstari, wakiachana meta 10, watembee uwanja mzima na mkuza mzima, kila mti upigwe pointi kwa simu, yaani mahali pake parekodiwe kwa GPS.

Majina yana mtego wake. Jina moja la Kimwera linaweza kubeba miti miwili tofauti, na mti mmoja ukawa na jina jingine kijiji cha pili. Msichokuwa na uhakika nacho, kateni tawi lenye ua au tunda, libaneni kwenye magazeti, badilisheni gazeti kila siku hadi likauke, kisha lipelekwe kwenye makusanyo ya mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ming'oko, uyoga na matunda pori yaingizwe kwa kutembea na kina mama wenyewe wakati wa mvua, kamba ya ming'oko ikiwa bado mbichi. Pigeni pointi kila shimo. Hicho ni kipimo halali, kisiandikwe kwenye ukurasa wa "maoni ya wananchi" tu.

Kwa wanyama, kamera za kutegea 6 kwa siku 30 zinatosha eneo la ukubwa huu. Zifungwe kimo cha goti, zikitazama kaskazini au kusini ili jua lisizipofushe, na nyasi za mbele zikatwe, la sivyo mtapata maelfu ya picha za nyasi zikiyumba. Kama kamera hazipo, fagieni vitanda vya mchanga vya meta 1 kwa 3 juu ya njia za wanyama jioni, msome nyayo alfajiri. Kinyesi na nyayo za tembo ziandikwe kwa tarehe na pointi, miezi 12 mfululizo. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko kauli ya mkutano mzima kwamba tembo hupita.

Ndege wadogo husikilizwa kwa dakika 10 kila kituo, kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Tumbusi na tai hawaamki mapema hivyo, husubiri hewa ya joto ipande. Kwao kaeni juu ya jabali lenye kuona mbali kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kipimo cha kawaida ni saa 36 kwa kila kituo kila msimu, yaani siku sita za saa sita sita. Kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku tembeeni na tochi, macho ya komba hung'aa. Komba wa uwanda wa Rondo, mdogo kuliko wote na aliye hatarini, ni wa misitu ya pwani, hatutegemei mumkute kwenye miombo yenu.

Kazi yote hii ifanyike pia kwenye eneo la kulinganisha, lenye msitu wa aina hiyo hiyo, kilomita 2 au zaidi kutoka kwenye mradi. Mkipima kwenu tu, mwaka wa tatu palahala wakipungua, kampuni itasema ni ng'ombe waliohamia, au mikorosho mipya, au utafiti wa madini ya kinywe. Huenda ikawa kweli. Eneo la pili ndilo litakaloonyesha.

Kwa wenzetu wa pwani wanaouliza kuhusu mitambo ya upepo: mizani ni nyingine kabisa. Huko pangaboi ndilo linaloua, na popo huingia kwenye hesabu. Wazo la mitambo karibu na mapango ya Matumbi, kwa mfano, lingehitaji mwaka mzima wa kurekodi sauti za popo. Kwenye mitambo ya upepo ya Kipeto, Kenya, waangalizi hukaa zamu na mtambo huzimwa tumbusi akikaribia. Popo huokolewa kwa kuchelewesha pangaboi kuzunguka hadi upepo ufike meta 5 kwa sekunde badala ya 3 na nusu. Vifo hushuka kwa karibu nusu au zaidi.

Baada ya kujenga, mtu apite chini ya laini kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, kilomita 14 kwa siku moja, watu wawili. Hapa tena sifuri hudanganya, maana fisi na mbweha hufika kabla yenu. Fanyeni jaribio: wekeni mizoga 20 ya kuku iliyotiwa alama bila kuwaambia wakaguzi ni wapi. Siku ya ukaguzi, tuseme 10 ndiyo iliyobaki, na wakaguzi wakaona 6 kati ya hiyo. Basi uwezekano wa kuupata mzoga ni 0.5 mara 0.6, yaani 0.3. Mkikuta tumbusi 2, waliokufa ni kama 7. Mzoga wa tumbusi hudumu kuliko wa kuku, hivyo chukueni namba hiyo kama kadirio la juu, na manyoya yaliyotawanyika yahesabiwe kuwa ndege mmoja.

Tumerudi kwenye mkutano wenu. Msikatae mradi kwa sababu ya ripoti mbovu, na msiukubali kwa ahadi ya mdomo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla cheti cha tathmini hakijatolewa, na maoni yaliyoandikwa ndiyo yanayofika mezani. Muhtasari wa mkutano utaje masharti kwa vipimo: msimu wa pili wa upimaji kabla ya kufyeka, mkuza upinde kwenye miti iliyopigwa pointi, mipira kwenye nguzo za transfoma na za kona, wavu wa sentimeta 20 hadi 25 usio na umeme, mitaro kufukiwa kabla ya usiku, nyaya kupimwa, chanzo cha maji ya kuoshea, na nani atalipia ukaguzi wa mwaka wa kwanza. Ambatanisheni jedwali lenu la miti na karatasi ya tembo. Nakala moja iende kwa afisa mazingira wa halmashauri, nyingine ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, Kanda ya Kusini pale Mtwara, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa, na yenu ya tatu ibaki kwenye faili la kijiji.